Karavani Iliyoitikia Hodi

Mpendwa Mjomba Kilonzo,

Nina habari ya kukupa, lakini utaingoja. Wewe uliwahi kuningojesha wiki mbili nzima sijui kama tunafukuzwa Dubai au tunabaki, kwa hiyo na wewe tulia kidogo. Niko kitandani kwangu hapa Discovery Gardens. Wenzangu wote wako kazini, chumba chote ni changu, na nimejipikia chai ya maziwa ile ya kwetu.

Unakumbuka nilivyofika? Ule mnara mrefu kuliko yote duniani ulikuwa umefunguliwa mwaka mmoja tu nyuma, na mimi nilidhani utanipeleka kuuona moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Wapi! Ulinipeleka yadi. Ukanionyesha magari marefu kama mabasi, ndani yana vitanda, jiko, choo na bafu, ukasema hizi ndizo karavani, watu wanakwenda nazo jangwani msimu wa baridi, wanachoma nyama na watoto wao, na kazi yangu ni kuzisafisha. Nikakuuliza mtu mwenye nyumba yake anaendaje kulala garini. Ulicheka mpaka ukashika kiuno.

Somo la kwanza halikuwa la sabuni. Nilishika kitasa nikaingia, ukanitoa nje kama kuku.

"Ina kitanda, ina sufuria," ukaniambia. "Hiyo ni nyumba. Unaingiaje nyumba ya watu bila hodi?"

Nikasema haina mtu. Ukasema hata kama. Basi nikawa nabisha mara tatu kwenye kila mlango, hodi, hodi, kwenye magari matupu, na wenzetu wa yadi wakitutazama kama watu tuliopigwa na jua.

Baadaye ndipo nikajua hodi yako ilikuwa na kazi ya pili. Ulikuwa seremala Makueni miaka ishirini kabla ya kuja huku. Kila karavani mpya iliposhushwa, uliizunguka ukiigonga kwa vifundo vya vidole na kusikiliza. Ukuta mzuri huitikia, ulisema, ukuta mbaya hupiga kelele. Na kila msimu kelele zilizidi. Zile za zamani zilikuwa na plaiwudi nene na skrubu kila baada ya shubiri. Hizi mpya zilishikiliwa na pini na gundi, kabati zake ni vumbi la mbao lililoshindiliwa na kubandikwa karatasi yenye mistari ya mti. Bei nayo ilipanda tu. Waliozoea kununua wakaanza kukodi, waliozoea kukodi wakarudi kwenye hema. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," ulikuwa ukisema, huku unakaza bawaba ya gari ambalo halijamaliza wiki.

Sasa tuje kwa siku yenyewe. Viza yako ilikuwa inaisha mwezi ule, na arbab, yule bosi wetu mwenye yadi, alikuwa hajasema kama ataifanya upya. Ulijua, nami nilijua, kwamba ukirudi nyumbani wewe, mimi sina mtu wa kunisemea pale yadi. Ulinionya asubuhi ile kwenye metro, ulipopanda kituo cha Karama: leo hakuna maneno, leo ni tabasamu tu.

Akaja yule mama wa abaya, kutoka mtaa wa Al Twar. Arbab akampeleka kwenye ile karavani kubwa mpya, viti vya ngozi nyeupe, televisheni inachomoza kabatini yenyewe. Walizungumza Kiarabu. Sisi tulikuwa nyuma na vitambaa vyetu. Ukagonga ukuta, nao ukalia kama debe tupu. Na wewe, Mjomba, na tabasamu lako lote kama unayemsifia bidhaa, ukaniambia kwa Kiswahili, "Mwende, hili ni boksi la viatu limepakwa rangi. Mvua moja tu, huyu mama ataamka anaelea."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaongeza kwamba ile abaya yake itachukua wiki kukauka.

Ukafika mlangoni. Ukabisha kwa adabu zako zote. Hodi ya kwanza, ya pili, na ya tatu kitasa kikang'oka pamoja na bati lake, kikaanguka mbele ya viatu vya mteja.

Yule mama akakitazama kitasa, akatutazama sisi, akasema, "Karibu."

Nilitamani nijifunge ndani ya ndoo yangu. Yule mama, Bi Zuwena, kumbe! Mzaliwa wa Unguja, amelelewa kwa Kiswahili, na alikuwa amesikia kila neno, la boksi na la abaya. Hakukasirika. Alikuja mpaka karibu nawe, akakuuliza taratibu, kwa Kiswahili chao kile kitamu, "Haya, nambie wewe fundi. Mama yako ungemlaza humu?"

Arbab hakuelewa maneno, lakini alielewa kwamba mauzo yake sasa yamo mdomoni mwako. Akakukazia macho. Mimi nilikuvuta shati kwa nyuma, na leo nakiri, nilikuvuta ili useme ndiyo. Niliiwaza viza yako, na yangu nyuma yake. Ulijifuta jasho shingoni kwa kitambaa chako cha kazi.

"Hapana, mama," ukasema. "Nisingemlaza."

Kisha ukamgeukia arbab ukamwambia hivyo hivyo kwa Kiingereza chako cha kuungaunga, ili asiseme ulimsema kisiri. Ukampeleka Bi Zuwena pembeni ya yadi, kwenye ile karavani kuukuu yenye mapazia ya kahawia, iliyokaa pale misimu mitatu bila wa kuiulizia. Uliikarabati mwenyewe kila tulipokosa kazi, kabati lake la jikoni ulilirudishia kwa mikono yako. Ukamwambia agonge yeye. Akagonga. Du, du, du, nzito, kama kifua cha mtu mzima. Akacheka. "Kizuri chajiuza," akasema, "kibaya chajitembeza." Akaichukua siku ile ile, kwa bei aliyoimudu.

Arbab akakwambia khalas, basi imekwisha, mwezi ukiisha nenda kwenu. Ndipo zikaanza zile wiki mbili. Ulikula vizuri, ulilala vizuri, uliimba kanisani Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, kama kawaida, na mimi nilikonda. Nikakuuliza huogopi? Ukasema unaogopa sana, ila ungeogopa zaidi kumkumbuka yule mama kila mvua inyeshapo.

Na mvua ikanyesha kweli, mvua ya Dubai ile ya kushtukiza, barabara zikawa mito. Bi Zuwena akampigia arbab simu. Ndani kukavu, akasema, na ana kaka zake wawili wanaotaka karavani, lakini hawatanunua mpaka yule mzee wa hodi azigonge kwanza. Arbab ni mfanyabiashara, hana kinyongo cha kumtia hasara. Kesho yake alikuita ofisini, akakubali kuifanya upya viza, ukatoka umeshika pasi yako ya kusafiria juu kama kombe la mpira. Tulikula biriani Karama mpaka ukafungua mkanda.

Ulirudi nyumbani kwa hiari yako, miaka minne baadaye, na ulipoondoka duniani sikuwepo. Mazishi niliyaona kwenye WhatsApp, picha zikikwamakwama. Hilo bado linaniuma, wala sitalipamba. Lakini yadi bado inakutaja. Gari jipya likifika, arbab mwenyewe huuliza, "Hodi?" na hakuna anayethubutu kulipangia bei kabla sijaligonga. Mengi yanapiga kelele, Mjomba. Siku hizi nayagonga kwa upole, nisije nikayavunja.

Sasa habari yako. Leo asubuhi nimekuta karavani ya mapazia ya kahawia yadini, imeletwa kuoshwa. Msimu wa saba huu tangu inunuliwe. Nikaenda na ndoo yangu, nikabisha kwa mazoea, hodi.

"Karibu," nikajibiwa.

Bi Zuwena alikuwa ndani, ameketi jikoni, anatoa vikombe vyake ili visivunjike. Ameongeza mvi na kilo. Akachungulia nyuma yangu akauliza, mzee wa hodi yuko wapi? Ikabidi nimwambie. Aliweka kikombe chini, akanyoosha mkono kwenye lile kabati ulilolitengeneza, akagonga mara tatu.

Du, du, du.

"Karibu," tukasema, mimi na yeye, kwa pamoja bila kupanga. Tukaangaliana, tukacheka mpaka machozi yakatutoka, na chai yake tukainywa humo humo ndani.

Pumzika salama, Mjomba. Siku hizi mteja akiniuliza, nasema kweli; sikuvuti shati tena.

Mpwa wako wa ndoo na kitambaa,
Mwende