Nani Atabeba Gunia, Mama?

Mama,

Ni mimi Nyangi wako. Nimekaa ukingoni mwa shamba letu hapa Nyamuswa. Pamba imepasuka yote na sina nguvu ya kuigusa tena.

Nikuambie yaliyobadilika. Sabuni imerudi madukani, na sukari, na kanga za kila rangi. Ukipita mtaa wa Mukendo kule Musoma utadhani ule ukata tuliuota tu. Na dawa, mama. Ile dawa ya homa uliyoikosa zahanati, tukaambiwa tukuombee, sasa inauzwa Bunda mjini, imepangwa dirishani kama pipi. Nilisimama nikaitazama mpaka muuzaji akaniuliza nataka ngapi. Nikaondoka.

Lakini leo kinachonisumbua ni Kiingereza. Usicheke.

Unakumbuka tulivyokuwa tukichuma? Mimi mbele, wewe nyuma na gunia. Nasema, "Nyangi picks the cotton." Wewe unageuza, "The cotton is picked by Nyangi," pamba inachumwa na Nyangi. Kiingereza chote cha shule ya kati kilikuwa kimekutoka isipokuwa hicho. Ulinifundisha kutofautisha sentensi hizo mbili kwa mfano wa chama cha ushirika: mtendaji akitangulia, ni mtu anaingia shambani kuchuma; kilichotendwa kikitangulia, ni gunia limepanda mizani, na mwenye gunia anaitwa baadaye. Nilipotaka kugeuza mwenyewe ulinikatalia. "Mimi nabebaga, wewe chuma. Kila mtu na kazi yake." Tukacheka mpaka mwisho wa mstari.

Sasa tazama kugawana kwetu kazi kulivyonigeukia. Wiki iliyopita tulifanya mtihani wa majaribio kule Musoma. Maswali ya kugeuza sentensi yalijaa ukurasa mzima. Nilisoma la kwanza kimoyomoyo. Nikangoja. Haki ya Mungu, mama, nilikaa nangoja unijibu. Kengele ikalia ukurasa ukiwa mweupe. Mwalimu akaniambia nikirudia hivyo kwenye mtihani wa taifa, nisahau kidato cha tano, nisahau na chuo cha ualimu. Kanuni naijua, hata usingizini naitaja. Ila nikifika mahali pako nakwama, na sijui nifanyeje.

Leo asubuhi nilijifunga gunia lako kiunoni. Nikachuma, nikasema sehemu yangu, kisha nikajibu yako kwa sauti yako, ile nzito kama ya mwenye mafua. Mdogo wangu Wakuru alikuwa mstari wa pili. Tangu tukuzike hajakutaja hata kwa bahati mbaya. Akaacha kuchuma.

"Dada, usimwigizage mama," akasema. "Nimegeuka nikidhani ni yeye."

Tukakaa chini tukalia, na hakuna aliyejua kumbembeleza mwenzake.

Mama, siwezi kukuahidi kufaulu. Ningekuwa nakudanganya, na uongo wangu ulikuwa unaujua kabla sijafungua mdomo. Nakuahidi dogo tu: sitaiiga tena sauti yako. Siku ya mtihani nitasoma sentensi, nitangoja kidogo, maana najua nitangoja, halafu nitaigeuza mwenyewe. Ikiharibika, iharibike kwa mkono wangu.

Pumzika, mama. Kesho Wakuru ndiye atakayebeba gunia. Ameomba mwenyewe. Nimemwambia si lazima ajibu.

Mwanao,
Nyangi