Pita wa Njia ya Mtoni

Mzee Rajabu,

Leo ni Jumapili. Nimeshafua, na hapa Kyambogo wanafunzi wa chumba cha pili wamezima muziki wao. Nimekaa na daftari langu la kila siku. Kuna jambo nililifanya juzi bila ruhusa yako, na ni haki yako ulisikie kutoka kwangu.

Kwanza habari. Mkeo, Mama Hadija, hajambo. Bado yuko Ntinda, na darubini yako ameitundika sebuleni, hataki mtu aiguse. Msituni mti mkubwa umeangukia njia ya juu, siku hizi tunazunguka. Waongozaji wapya wanauliza simu kila wakisikia mlio wa ndege, ungewacheka. Mimi nimepewa vikundi vyangu mwenyewe. Wageni hushangaa kuona mwongozaji mwanamke, halafu wanazoea kabla hatujafika darajani.

Sasa jambo lenyewe.

Unamkumbuka Mwalimu Wanjiku, yule mstaafu wa Nakuru aliyekuja mara tatu kumtafuta pita, yule ndege wa kifua cha kijani anayerukaruka chini kwenye majani makavu? Asubuhi ile ya mwisho alikutania: "Mzee, leo usiponionyesha huyo ndege, nahamia kwako." Ukamjibu: "Karibu, lakini mke wangu anakoroma."

Tulitembea tangu alfajiri hadi jua la utosini. Ulisimama mara nyingi, umeshika miti, ukisema unasikiliza. Nilijua husikilizi. Pumzi ilikuwa inakuishia. Kwenye njia ya mtoni ukanyoosha fimbo: "Huyo, chini ya mzizi." Mwalimu akainua darubini, akanong'ona, "Nimemwona!" Mimi nami nilielekeza yangu palepale. Lilikuwa jani kavu, linatikiswa na upepo.

Ukaandika kwenye kitabu cha getini cha ndege walioonekana: pita mmoja, njia ya mtoni. Nikanyamaza. Na ni wewe uliyeniambia siku yangu ya kwanza: "Binti, usimpe mgeni ndege wa huruma. Akichoka, mpe maji." Nilitaka kukuuliza garini tukirudi Kampala, ni macho yalikudanganya au ilikuwa huruma? Ulikuwa umelala. Wiki tatu baadaye tulikuzika.

Ningeliacha hapo. Lakini kwa sababu ya mstari ule mmoja, waongozaji wanapeleka watu njia ya mtoni. Kikundi cha kwanza kilirudi bila kitu, cha pili vilevile, na sasa wanatoka nje ya njia kumtafuta, wanakanyaga miche uliyotukataza hata kuisogelea. Ukiwauliza, wanasema, "Mzee Rajabu hakukosea hata mara moja." Ndiyo maana mkono wangu ulikuwa mzito. Ule ni mstari wako wa mwisho katika kitabu kile.

Juzi nikaukata. Nilipiga mstari mmoja tu juu yake, kama ulivyonifundisha, ili maandishi yako yaendelee kusomeka. Pembeni nikaandika "jani", na jina langu. Mkuu wa waongozaji amenuna tangu hapo, hajibu hata salamu.

Kisha nikampigia Mwalimu, maana naye ana orodha yake ya ndege aliowaona. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi nisikosee. Nikamsomea. Akacheka, kile kicheko cha mtu anayelia.

"Mwanangu, hata mimi niliona jani. Lakini mzee wako alikuwa amechoka sana. Nikajua nisiposema nimemwona, hatakubali turudi."

Mzee. Miaka yote ile wageni walikuwa wakikutazama zaidi kuliko nilivyodhani. Mimi niliyekuwa nyuma yako, nimebeba maji, nilikuona unashika mti baada ya mti na sikusema, "Mzee, tukae kidogo." Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko lile jani.

Mwalimu anakuja tena mvua zikipungua. Nitamwongoza mwenyewe. Tukimwona huyo ndege nitaandika tumemwona, tukimkosa nitaandika tumemkosa. Na siku nitakapoanza kuishiwa pumzi, nakuahidi, nitasema kwa mdomo wangu.

Pumzika, mzee wangu. Hakuna mgeni anayekungoja mbele.

Binti yako wa msituni,
Furaha