Sabini na Saba Ziko Kwangu, Moja Iko Kwako

Shoga yangu Mwanaheri,

Nilipoteza karata moja na shoga mmoja, siku moja, Jumatatu ya kwanza baada ya Idi ya mwaka jana, kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Karata ni ile ya nane ya fimbo, tuliyokuwa tukiiita ya boriti. Shoga ni wewe.

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu simu yako siku hizi ina wenyewe wawili. Nikikutumia neno, jibu linarudi na maneno ambayo si yako. Tangu lini wewe ukasema “nimekupata vyema”? Wewe ni mtu wa Chundwa. Ulikuwa ukisema “haya” unakata.

Asiyetujua aelewe kwanza. Tulikuwa wasafisha vyumba wawili katika nyumba moja ya wageni kule Shela, kisiwani. Wewe ulitoka Chundwa, mimi Kitui, nikiwa na begi moja na namba ya binamu asiyeshika simu. Wewe ndiye uliyenifundisha kufunga chandarua kisiburute, na kwamba hapa mtu humsalimu mwenzake mpaka salamu ziishe ndipo aseme shida yake. Mimi nilikuwa nafika na shida mdomoni. “Mwikali,” ulikuwa ukiniambia, “hata dukani? Muulize kwanza ameamkaje!”

Unaikumbuka siku ya shuka. Mgeni wa chumba cha nne alikuwa amelala juu darini kwa ajili ya joto, akaondoka alfajiri kuwahi ndege, karata zake akaziacha zimetandazwa kitandani. Zilikuwa za tarot, zile za picha ambazo wageni huzitumia kutazamia bahati. Mimi nilikuwa na vitanda tisa vya kutandika kabla ya saa tano. Nilishika pembe mbili za shuka bila kutazama, nikalikung'uta nje ya ukuta kama kawaida. Shela ikanyeshewa wafalme.

Uliinama ukutani, ukatazama chini, ukageuka umeshika kichwa. “Mwikali, umewatupa watu wa watu!”

Mgeni alipopigiwa simu alicheka, akasema tukae nazo. Nilihesabu zilizobaki: thelathini na moja. Kisanduku chake kilisema sabini na nane. Yaani arobaini na saba zilikuwa vichochoroni, juu ya mapaa, na nyingine pengine zimeshakanyagwa na punda. Nilikwambia tuache, tuna kazi. Wewe ndiye uliyekataa. “Ikipungua moja,” ulisema, “si karata tena, ni takataka.” Naomba ulikumbuke neno hilo, kwa sababu ugonjwa huu wa kutimiza ulinipa wewe. Mimi kabla yako nilikuwa mtu wa kutosheka na kilichopo.

Wiki ya kwanza tulipata ishirini na tisa. Moja ilikuwa chini ya mguu wa meza ya muuza kahawa, imezuia meza isicheze. Moja ilitoka ndani ya shogi, kapu la mgongoni mwa punda, chini ya mchanga. Tatu alikuwa nazo yule bibi jirani, ameziweka juu ya sahani, amezifunika kawa, hataki kuzigusa.

“Nimezikuta uani kwangu,” alisema. “Nani aniroga?”

“Si uchawi, Bibi. Ni shuka.”

“Shuka gani hilo lina wafalme?”

Tulicheka mpaka ukakaa barazani kwake bila kukaribishwa. Halafu ukamsomea Fatiha ili atulie, naye akatupatia karata na mahamri juu.

Kuzihifadhi ilikuwa kazi nyingine. “Mamangu akiziona atasema nimeingia kupiga ramli,” ulisema. “Tukua weye, Mwikali, ukae nazo. Weye ni mtu wa bara, hakuna wa kukuuliza.”

“Mchungaji wangu je?”

“Huyo hajui hata ndia ya kwako.”

Basi zikakaa chumbani kwangu, mtaa wa Wiyoni, ndani ya bati la biskuti. Hatukutazamia bahati hata siku moja, na Mungu ni shahidi. Tulikuwa tunazipanga tu. Wewe ulizipa majina. Malkia mmoja ulimwita msimamizi wetu, kwa ule mkunjo wa mdomo. Na ya nane ya fimbo, ambayo haina mtu wala uso, ni fimbo nane tu zinapita hewani, uliitazama ukasema, “Hizi ni boriti za mikoko, zataka kupakiwa.”

Ile ndiyo ilikuwa ya mwisho kupatikana. Miaka miwili, Mwanaheri! Tulifika sabini na saba tukakwama. Nitasema ukweli wangu hapa: nilipokuwa na karata sitini sikuwa na wasiwasi wowote. Sitini ni nyingi, zinafurahisha, mtu anafunika bati anaenda zake. Lakini zilipofika sabini na saba sikuziona tena hizo sabini na saba. Niliona nafasi moja tupu. Nilikuwa natembea Shela nikitazama chini kama mtu aliyeangusha pete. Kufikia hapo nilikuwa nimeacha vitanda, nafulia nyumba za wageni mashuka. Mteja anazungumza nami habari za mito na foronya, mimi macho yangu yako kwenye nyufa za ukuta wake.

Na ni wewe uliyeiona, kwa Bwana Athmani, mshona kofia. Alikuwa ameizungushia uzi mweupe.

“Karata hii yashika uzi vizuri,” alisema. “Kofia ikisha, ni yenu.”

“Itakwisha lini, Bwana?”

“Ikisha.”

Kofia ya mkono haina haraka. Ilichukua miezi minne. Kila alasiri ulipita kumwamkia, ukatazama safu za vitobo zilizobaki, ukanipigia simu kunipa hesabu kama mtu anayetoa habari za mgonjwa. “Leo ameshona upande wa kulia tu. Kidole kinamuuma.” Ulimpelekea hadi mafuta ya kukichua. Siku alipouondoa uzi wote kwenye ile karata, ilikuwa na alama pembeni, mikato midogo pande zote mbili, uzi ulipokuwa umeibana. Ni mimi na wewe tu tunaozijua alama zile. Nilidhani hivyo.

Tulitandika mkeka chumbani kwangu. Safu sita, kila safu karata kumi na tatu. Sita mara kumi na tatu ni sabini na nane, na hapakuwa na nafasi tupu hata moja. Nilisikia mwili wangu wote umepoa. Wewe ukaniuliza, “Sasa tutafanya nini?”

Nikakwambia, “Tutakaa nazo.”

Sikukusikia vizuri siku ile. Nimekusikia baadaye, nikiwa peke yangu na mashine zangu za kufulia zikizunguka.

Zilikaa kamili siku kumi na tisa. Siku ya tano akaja Shela yule mgeni wako wa Malindi. Jina lake silitaji. Namwita Bi wa Kabati, na wewe unajua ni kabati gani. La kioo, lenye taa ndani, anamoweka seti zake za karata. Alikaa kwenye nyumba ile siku tatu, ukamhudumia chumba, na siku ya tatu ukamleta kwangu Wiyoni. Ulimleta, Mwanaheri! Hujawahi kumleta mtu kwangu, hata dada zako. Alivua viatu vizuri, akakaa, akazipitia karata zetu moja moja kwa ncha ya kidole, akafika kwenye ya boriti akaitazama kuliko zote.

“Hii imeumizwa,” alisema.

Mimi nikataka kumwambia habari ya kofia. Wewe ukaniwahi, ukamsimulia yote, shuka, bibi, punda, Bwana Athmani, na ukaisimulia vizuri kuliko nilivyowahi kukusikia, huku unamtazama yeye. Pale ulipozoea kusema “Mwikali akasema”, ulisema “tukasema”. Nilienda jikoni kutia chai nikakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyotaka.

Alituambia ana seti ishirini na tatu za mchoraji yule yule. Zilichorwa ishirini na nne. Iliyobaki ndiyo hii yetu, haichapishwi tena. Aliyasema haya bila kuniomba chochote, anatabasamu, na mimi niliyajua macho yale. Nilikuwa nayo mwenyewe kwa miaka miwili. Ila mimi nilikosa karata moja nikaitafuta kwa miguu yangu. Yeye anakosa seti nzima, na anaitafuta kwa mdomo wake mtamu.

Wiki moja baadaye ukaniambia unakwenda Malindi kufanya kazi dukani kwake. Nilikuuliza, “Na kazi ya hapa?” Ukasema, “Kutandika vitanda vya watu mpaka lini?” Wakati huo nilikuwa nimeshatoka Shela, nafua mashuka ya nyumba saba za wageni, na mashine ya pili ilikuwa imefika kwa mashua siku tatu kabla. Ile mashine ilikuwa yako. Sikukwambia. Nilidhani mtu akiona mashine mbili na mwanamke mmoja atafanya hesabu mwenyewe. Hilo ni kosa langu, nalikubali.

Asubuhi ya kuondoka ulipita kuniaga. Ukasema, “Nizitazame mara ya mwisho.” Nikakupa bati. Punda wa mashuka akafika mlangoni, nikatoka kupokea mizigo, mafurushi manane, nikayahesabu, nikarudi. Ulikuwa umeshazipanga na kuzifunga na utepe. Ulinikumbatia kwa nguvu ambayo niliishangaa. Ukaenda kupanda boti ya kuvuka kwenda Mokowe, bara.

Nilihesabu kabla boti yako haijafika ng'ambo. Sabini na saba. Nikahesabu tena. Nikakupigia.

“Hesabu tena, shoga,” ukasema, ukacheka, boti ikapiga kelele, simu ikakatika.

Tangu hapo tumeulizana hali, mvua, mguu wa mama yako. Karata hatujaitaja. Na nitakwambia kwa nini sikuuliza. Nilijiambia umeichukua makusudi ili seti isitimie. Ili pawe na kitu kimebaki kati yetu, siku moja urudi nacho, tutandike mkeka. Mwaka mzima nimeishi na wazo hilo na lilinitosha. Nikilifungua bati na kuona nafasi ile, nilikuwa nasema, hapo yuko Mwanaheri.

Juzi Bi wa Kabati ameniandikia. Namnukuu kama alivyo: “Salaam Bi Mwikali. Mwanaheri ameniambia unazo sabini na saba. Huku iko moja. Zako hazina maana bila hii, na hii haina maana bila zako. Nikizipata nitakuwa nimefunga safu yangu. Ijumaa asubuhi atapita mtu wangu.” Pamoja na ujumbe kulikuwa na picha. Karata ya boriti, na alama za uzi pembeni. Imeshikwa na mkono wenye hina mpya, na kwenye kidole gumba kovu la pasi. Ni pasi yangu uliyoishika. Mimi ndiye niliyekupaka asali.

Nimeitazama picha ile mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Mkono ni wako. Hilo halinisaidii. Mtu anaweza kushika cha kwake, na mtu anaweza kumshikia tajiri wake cha kwake akipigwa picha. “Huku iko moja,” anasema. Huku wapi? Mkobani mwako, au nyuma ya kioo chake?

Basi sikiza, maana mimi nimeshapiga hesabu. Ikiwa karata ni yako, sitakuuliza kwa nini uliichukua. Ndoo nayo, njoo nyumbani. Mkeka upo, mashine ya pili bado haina mtu wake, nimeajiri wawili na wote wanafulia ya kwanza. Ikiwa umempa yeye, Ijumaa mtu wake atapokea bati zuri, limefungwa utepe ule ule ulioufunga wewe, bila bei wala maneno mabaya. Ndani yake zitakuwa sabini na sita. Moja nitabaki nayo mimi, na sitasema ni ipi. Ataiweka kabatini, taa itawaka, na kila akipita ataona nafasi ile moja tu. Atakuuliza iko wapi. Utamwambia ahesabu tena.

Nataka jibu kutoka kwako, kwa mdomo wako, simu ikiwa sikioni mwako peke yako, Alhamisi hii kabla ya saa kumi alasiri. Saa kumi punda wa mashuka anafika, na mimi nikishaanza kuhesabu mafurushi simsikilizi mtu. Usinisalimu kwanza. Najua ni kinyume cha ulivyonifundisha, lakini mara hii anza na shida: karata ya boriti ni yako, au ni yake?

Shoga yako wa Wiyoni