Za Saruji Uza, za Benki Acha

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwenye jalada. Kazini anaitwa Mama Fomu.
Umri: Miaka 44
Kazi: Afisa wa vibali, kitengo cha maadili, Benki Kuu
Makazi: Nyumba za watumishi, ghorofa ya pili
Tarehe na saa: Jumatano tarehe 17, saa nne na dakika kumi asubuhi

Mimi ndiye mwenye jina lililohifadhiwa hapo juu. Sikuitwa. Nimekuja kwa miguu yangu, na mkuu wangu wa kitengo hajui kwamba niko hapa. Afisa ameniomba nikae mara mbili. Sasa nimekaa.

Kazi yangu ni hii. Mfanyakazi yeyote wa Benki Kuu, awe gavana au mfagizi, haruhusiwi kuuza wala kununua hisa mpaka nimpe kibali. Analeta fomu, ninaipokea, na jibu analipata baada ya siku mbili kamili, hata kama ninalijua tangu dakika ya kwanza. Kwa miaka tisa niliona hizo siku mbili ni usumbufu mtupu. Watu wananinunia kwenye lifti kwa sababu yake.

Mnamo tarehe 9, siku ya Jumanne, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mkuu wangu aliniletea orodha mpya ya hisa zilizozuiwa. Ilikuwa imeongezwa benki moja ya biashara. Hakuniambia sababu nami sikuuliza, lakini mimi si mtoto. Benki ikiingia kwenye orodha ile ghafla, kuna jambo.

Saa tano kasoro robo aliingia dereva wa naibu gavana. Namfahamu tangu aajiriwe. Ni mtu wa utani, mimi huniita dada, na ndiye pekee jengo zima anayenisalimia kabla ya kuniomba kitu. Ana hisa kidogo alizorithi kwa baba yake, za kiwanda cha saruji na za benki hiyo hiyo. Alitaka kuuza za benki amalizie paa kabla ya mvua.

Aliniambia, "Dada, leo usiniambie nirudi keshokutwa. Mafundi wako juu ya kuta wananisubiri kama kunguru."

Nilicheka. Nilitakiwa kupokea fomu, kugonga muhuri wa mapokezi na kunyamaza. Badala yake niliitazama orodha, nikamwambia, "Za saruji uza hata leo. Hizi za benki, acha."

"Kwa nini tena?"

"Usiniulize."

Akanitazama kidogo. Akasema, "Haya dada, nimekusikia," akaondoka. Niliandika kwenye fomu "imekataliwa", nikaweka saa na sahihi. Nilijisifu moyoni kwamba nimemwokolea mtu siku mbili. Nasema hivyo kwa aibu.

Dereva hakuuza hata hisa moja ya benki. Naomba hilo liandikwe vizuri. Alitii.

Tarehe 11, Alhamisi, ilitangazwa kwamba benki ile imewekwa chini ya uangalizi na hisa zake zimesimamishwa. Tarehe 15, Jumatatu, saa mbili asubuhi, dereva alikamatwa kwenye maegesho mbele yetu sote. Tuliambiwa mama mkwe wake aliuza hisa zake zote za benki ile siku moja kabla ya tangazo, na kwamba dereva aliiba siri kwa kuwasikiliza wakubwa garini.

Saa tano siku hiyo hiyo mkuu wangu aliniita. Alifunga mlango. Alisema, "Ile fomu ya dereva haikuwahi kufika mezani kwako. Tumeelewana?" Nilimjibu nimeelewa. Sikusema nimekubali.

Tangu hapo situlii. Nimepanga kabati la vyombo, nimelipangua, nimelipanga tena, na usiku natembea chumbani huku na huko. Mume wangu kaniambia, "Mama watoto, utatoboa sakafu."

Jana saa kumi jioni mama mkwe wa dereva alikuja kwangu. Ni muuguzi mstaafu, na kiinua mgongo chake chote kilikuwa kwenye hisa zile. Alikataa kukaa, kwa hiyo tuliongea mlangoni. Alisema mkwewe alipofika nyumbani siku ile alilalamika mbele yake tu: "Za saruji wameniruhusu, za benki wamenikatalia papo hapo. Sijawahi kuona." Yeye alijiuliza mwenyewe kwa nini za benki tu, na asubuhi akauza. Kisha akaniambia, "Mwanangu amekataa kukutaja kwa polisi. Amesema una watoto wanasoma. Na yeye wake je?"

Alipoondoka niliitafuta ile fomu.

Dereva hakusikia kitu garini. Siri ilitoka mezani kwangu, na niliitoa kwa kukataa. Ningesubiri zile siku mbili, angepata jibu lake Alhamisi pamoja na nchi nzima, na lisingemfunza lolote. Kanuni ile niliyoidharau iliwekwa kwa ajili ya watu wenye haraka kama mimi.

Fomu ninayo. Sikuichana. Ninaikabidhi sasa.

Nimesomewa niliyoyasema, nayo ni kweli tupu. Sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA: Nimeandika maelezo haya kwa mkono wangu na kumsomea shahidi. Nimepokea fomu moja kama kielelezo. Kwa kuwa aliyoyasema yanamgusa yeye mwenyewe, saa tano na nusu nimesimamisha mahojiano, nimemweleza haki zake, na ataandikwa upya kama mtuhumiwa. Nilimuuliza kama anataka kubadilisha neno lolote kabla sijafunga jalada. Aliuliza kama dereva, aliye mahabusu hapa, ameshakula. Nilipomjibu ndiyo, aliegemea kiti.