Aikande Wawili

Elia mjukuu wangu,

Marahaba, hata kama shikamoo yako haijafika. Huku Elerai tu wazima, ng'ombe amezaa, na kichanga cha mjomba wako kinanyonya vizuri.

Sasa hiyo programu uliyotutengenezea ya kumbukumbu za familia! Juzi nilizidiwa, mjomba wako akaandika jina langu kwenye kile kidirisha chake cheusi cha kompyuta, aone ni dawa gani inanidhuru. Ikamjibu: Aikande, kilo tatu, chanjo bado. Kumbe mkewe alipomwingiza mtoto waliyempa jina langu, mimi nikafutika. Halafu kwenye ujumbe wako unaniuliza eti mtoto abadilishwe jina?

Nikiwa mdogo kule mlimani, nesi wa chanjo aliita Aikande. Nikatoka mimi, na bibi mzaa baba, niliyerithi jina lake, naye akatoka na fimbo yake, mkono wa gauni ameshaukunja. Nesi akafoka, mmoja wetu atafutiwe jina jingine. Bibi akamwambia, "Kuuliza mama yake ni nani kunakushinda? Huyu hakupewa jina langu ili mimi niondoke." Nesi akauliza, akaandika, kazi ikaisha. Nilichomwa sindano nikalia, lakini nilirudi ndani nimemshika bibi mkono, najiona mkubwa kama yeye.

Basi na kompyuta yako iulize mama yake ni nani. Hilo tu, msomi mzima! Na unirudishe humo upesi. Jina nimempa mtoto ili tukiitwa tuitike wawili, na mimi bado naitika.

Bibi yako,
Aikande, yule mkubwa