Breki za Gari Namba Kumi na Nne

Alhamisi, 12 Agosti 1954

Torre Salina. Joto! Lami inanata kwenye soli za viatu. Tumefika saa nne asubuhi, magari yote mawili juu ya lori, na fundi Gualdi amelala katikati yake kama mama aliyelala na mapacha.

Ruggero amepewa namba nane, mimi kumi na nne. Waandaaji walitaka kumpa kumi na saba, namba ya mkosi kwetu, akawaambia hiyo wampelekee mama mkwe wao. Watu wakaangua kicheko. Hata mimi. Ruggero Alvisi akisema kitu utacheka tu, hata kama umemnunia.

Na mimi nimemnunia. Tangu Mei. Gari lake lilikufa katikati ya mbio, tajiri wetu, mwenye magari, akaniita niingie kwa mafundi, Ruggero akarukia gari langu na kumaliza wa pili. Picha zote zake. Mimi nilikaa juu ya tairi nikala tikiti maji. Juni tena vilevile! Sheria inaruhusu: dereva mkubwa akiharibikiwa anachukua gari la mdogo. Sheria.

Jioni tumeitembea njia yote kwa miguu, yeye na mimi. Kilomita kumi na sita za barabara ya kawaida. Kanisa, mlima, kisha mteremko mrefu hadi daraja la reli. Kwenye mteremko mwendo unafika mia mbili na arobaini, na darajani unatakiwa uwe umeshuka hadi themanini. Kushoto ukuta wa mawe. Kulia hakuna kitu. Mizeituni, chini kabisa.

"Hapa, dogo," akasema, "usimsumbue Bikira Maria. Msumbue fundi."

Ijumaa, 13 Agosti

Majaribio. Dakika sita na sekunde nne! Ruggero sita na moja. Katika magari ishirini na mawili mimi ni wa tatu!

Anayetupimia muda ni Delfina, mke wa Ruggero. Saa mbili za kupimia mkononi, moja ya mumewe, moja yangu, penseli nyuma ya sikio. Hajawahi kukosea. "Shemeji, umemkaribia mume wangu," akaniambia, "leo hatalala." Akanipa mkate na jibini. Ruggero akadakia: mpe na divai, ashuke mwendo kidogo.

Lazima niandike na hili, kwa haki. Ruggero ndiye aliyenitoa kwenye karakana ya baba yangu huko Lugo, nikiwa natengeneza matrekta. Gari la kwanza nililoendesha mbioni lilikuwa lake. Hakuniomba hata asante. Ndiyo maana inauma zaidi.

Jumamosi, 14 Agosti

Tajiri, Bwana Tarabelli, ametuita. Hakukaa wala hakutukalisha. Gari la Ruggero likisimama, kibao cha kuniita kitatoka kando ya barabara, nami nitaingia. "Umeelewa, Castrani?" Nimeelewa. Ruggero alikuwa anatazama viatu vyake.

Gualdi ameshinda chini ya magari. Amebadilisha mipira ya breki yote. Nilimpelekea kahawa, akaniambia niiweke pale, ataifikia. Saa mbili baadaye ilikuwa palepale na nzi ndani.

Jumapili, 15 Agosti

Ruggero amekufa. Katika gari langu.

Jumatatu, 16 Agosti

Nitaandika yote. Hapa tu.

Tulianza saa tisa alasiri. Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, watu wametoka misani moja kwa moja, wamejaa juu ya kuta, kwenye mapaa, watoto mabegani. Nilianza vizuri. Mzunguko wa nne nilikuwa wa tatu. Wa saba, wa pili! Ruggero mbele, mimi nyuma yake, wengine mbali. Naapa sijawahi kuendesha vile. Kila kona ilikuwa inanisubiri.

Mzunguko wa tisa, juu ya mteremko, nikakanyaga breki — pedali ikazama. Ikaenda chini laini, kama mguu kwenye tope. Nikaachia, nikakanyaga tena haraka, ikashika. Nikapita darajani.

Nilipaswa kuingia. Niliwaza: nikiingia, kwaheri nafasi ya pili. Nikaanza kuizoea. Unakanyaga mapema, pale kwenye nyumba ya njano, mara mbili, mara tatu. Inashika. Inakula sekunde kadhaa tu. Mzunguko wa kumi hivyo. Wa kumi na moja hivyo.

Kisha nikaliona gari namba nane limesimama kando ya barabara karibu na kanisa. Moshi. Ruggero yuko nje, amevaa kofia yake bado, anatembea kuelekea kwa mafundi. Hakukimbia. Alijua atapata gari.

Kibao kilitoka. 14 — INGIA. Nikajifanya sikukiona! Nikapita. Ndiyo, nilikiona. Mzunguko wa kumi na mbili nikamkuta tajiri mwenyewe katikati ya barabara, kibao ameshika kwa mikono miwili. Nikaingia.

Nilitoka. Ruggero akaingia. Injini inanguruma, Gualdi anamimina mafuta, watu wanapiga kelele. Ruggero akafunga miwani, akanivuta kola hadi masikio yetu yakakaribiana.

"Liko vipi?"

Kila dereva anauliza hivyo. Nami nikajibu:

"Liko sawa. Nenda."

Akanipiga begani. Akaenda.

Nilitaka nini? Nimejiuliza tangu jana. Afe? Hapana. Mungu anajua, hapana. Nilitaka akanyage aone. Nilitaka ashtuke, apunguze, amalize kwa muda mbaya kuliko wangu, na watu waseme Castrani alikuwa analiendesha vizuri zaidi. Ndicho nilichotaka. Kitu kidogo hivyo.

Na nilidhani ataizoea kama mimi. Yeye ni Ruggero!

Dakika nne baadaye tulisikia. Si mlio mkubwa. Kama mtu ameangusha sinia jikoni nyumba ya tatu. Kisha ukimya upande wa mteremko, ule ukimya wa watu wengi. Delfina hakuinua kichwa. Alikuwa anaitazama saa. Dakika sita. Sita na nusu. Saba. Hakuna aliyethubutu kumwambia aisimamishe. Mwishoni Gualdi akaja, akaifunika kwa kiganja chake chenye grisi.

Alikuwa miongoni mwa mizeituni. Wanasema hakuumia muda mrefu. Husema hivyo siku zote.

Mbio hazikusimamishwa. Mfaransa mmoja alishinda. Alikataa kunywa shampeni, basi wakaimwaga.

Jumanne, 17 Agosti

Polisi wamechukua mabaki ya gari. Magazeti mawili yanasema kona ilimshinda. La tatu linauliza nani alitengeneza breki.

Tajiri amewaambia waandishi kuwa gari lilikuwa zima. Castrani aliliendesha mizunguko kumi na miwili bila tatizo. Akanigeukia mbele yao wote. Nikatikisa kichwa kukubali. Kamera zikapiga.

Mchana Gualdi akanijia. Hajanyoa. Ana miaka hamsini na sita, ametengeneza magari tangu kabla sijazaliwa, na alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu.

"Nevio, mwanangu. Niambie mimi tu. Ulihisi kitu chochote?"

"Hapana, fundi."

"Pedali? Haikuwa laini? Hata kidogo?"

"Hapana."

Akanishukuru! Amesema basi aliyekosea ni Ruggero mwenyewe, au ni yeye fundi, na Ruggero hakuwa mtu wa kukosea pale.

Jumatano, 18 Agosti

Bologna. Mazishi. Watu hadi barabarani, tramu zimesimama. Nilikuwa mmoja wa sita waliobeba jeneza. Jepesi. Sikutegemea.

Delfina hakulia kanisani. Nyumbani kwake tulikaa sebuleni na ndugu zake, supu ikapoa kwenye sahani. Ndugu walipotoka kuaga wageni, akavuta karatasi kutoka kwenye kabati. Karatasi zake za muda.

"Shemeji, nisaidie hapa."

Kidole chake kilikuwa kwenye safu yangu. Mzunguko wa kwanza hadi wa nane: sita na sita, sita na tano, sita na sita. Wa tisa: sita na kumi na nne. Wa kumi: sita na kumi na tatu. Wa kumi na moja: sita na kumi na nne.

"Ulikuwa wa pili. Nyuma yako hapakuwa na mtu. Kwa nini ulipoteza sekunde nane kila mzunguko?"

Nikasema joto. Tairi. Nikasema nilikuwa nailinda injini.

"Joto," akasema. Si kwa hasira. Alilitamka kama mtu anayeonja chumvi. Kisha: "Alikuuliza liko vipi. Nilimwona. Ulimjibu nini?"

Ndugu yake akaingia na kahawa. Namshukuru Mungu. Na nimejichukia kwa kushukuru.

Ijumaa, 20 Agosti

Barua mbili kwa siku moja.

Ya kwanza ya hakimu mpelelezi. Kesho saa nne asubuhi, nitoe ushahidi. Gualdi amezuiliwa tangu jana jioni, kwa kosa la kusababisha kifo kwa uzembe.

Ya pili ya tajiri. Nilikwenda kumwona. Safari hii alinikalisha. Nitakuwa dereva wa kwanza, kuanzia mbio za Septemba. Gari jipya. Hakuna atakayenitoa ndani yake. Nilingoja sentensi hiyo miaka mitatu.

"Kesho utasema ulichokwisha kusema," akaniambia. "Gari lilikuwa sawa. Hiyo ndiyo kweli, au siyo?"

Nikamuuliza, na Gualdi?

"Gualdi mzee. Atapata kifungo cha nje. Nitamtunza." Akainuka kunifungulia mlango. "Ukisema vingine, Castrani, nani atakupa hata baiskeli?"

Hajui. Sidhani anajua. Ila hataki kujua, na mimi namwelewa vizuri mno.

Mama ameuliza kwa nini sili. Nimesema joto. Tena joto!

Jumamosi, 21 Agosti

Mahakamani. Naandikia gotini, kwenye ukumbi mrefu wenye mabenchi. Saa nne imepita. Wanachelewa.

Delfina amekaa benchi la mbele yangu, mavazi meusi, mkoba mapajani. Karatasi zimo humo, nimeona ncha zake. Tumesalimiana kwa kichwa. Hajaniita shemeji.

Sasa hivi wamemleta Gualdi, askari kila upande. Suti ya harusi ya mtu mwingine, viganja vinatoka kwenye mikono ya koti kama mizizi. Amewaomba askari dakika moja nami. Wamempa.

"Usiwe na wasiwasi," amenong'ona. "Nimeshawaambia. Ni mimi."

Nimesema nini? Nimesema, fundi, nini?

Anasema siku hizi mbili amelipitia kila jambo kichwani. Mipira ya kushoto aliifunga kwanza, halafu mtu akamwita, halafu akarudi. Labda hakutoa hewa yote kwenye mafuta ya breki. Hakumbuki kuitoa. Kadiri anavyofikiri ndivyo anavyozidi kuona hakuitoa. Jana alisaini.

"Wewe ungehisi, ungesema," ameniambia. "Najua. Kwa hiyo ilikuja ghafla, mikononi mwake. Hewa huja ghafla." Macho yake ni mekundu lakini yametulia, kama ya mtu aliyelala baada ya siku nyingi. "Wewe kijana una miaka mingi ya kuendesha. Mwambie tu hakimu kweli, usinitetee."

Amenishika mkono. Wamemwondoa. Anatembea taratibu, hataki kuwaharakisha askari.

Delfina amesikia yote. Ameufungua mkoba.

Mlango umefunguliwa. Karani ameita jina langu, amelitamka vibaya. Delfina amesimama kabla yangu, karatasi mkononi. Ananitazama miguu, kuona kama itanyanyuka niende kusema kweli, au itabidi aende yeye.

Karani anaita tena —