Kichwa cha Kwaresima

Mama,

Kaa kwanza. Huko uliko sijui kama mna viti, lakini tafuta pa kukaa, maana ninalokuja kukuambia lilinikuta mimi nimesimama na likanikalisha chini.

Unakumbuka kichwa chako cha Kwaresima? Kila mwaka, tukishapakwa majivu kwenye paji la uso, haukupita muda ukafunga mapazia ya chumba na kulala na kitambaa cha maji machoni. Sisi watoto tulitembea kwa vidole. Papa alitusimamisha mlangoni: "Muache kelele, mama yenu iko na Yesu mu njia ya musalaba." Ulisema unaona mwanga wenye meno meno pembeni ya jicho, kisha nusu ya uso wa mtu inapotea, kisha kichwa kinaanza kugonga upande mmoja mpaka unatapika. Na moyo unakimbia. Hukulalamika hata siku moja. Ulisema tu, "Ninamutolea Bwana." Kila mwaka ulimtolea kwa ajili ya mmoja wetu, na hukutuambia ni nani.

Halafu Pasaka inafika. Ukitoka misani, kabla ya kuku, kabla ya bukari, ule ugali wetu, ulifungua pindo la kitenge na kutoa pemba yako, ule udongo mweupe uliouacha Kwaresima nzima kama wengine walivyoacha pombe. Uliuvunja kwa meno, kru, kru, ukanipa kipande. "Kamata mwanangu, tumefufuka!" Baada ya hapo kichwa kilikwenda siku kwa siku, mpaka unaimba tena jikoni. Papa, kwa ile sauti yake ya mtu wa reli, aliwaambia wageni wote kwamba mke wake anasulubiwa pamoja na Bwana na anafufuka naye. Mtaa wote wa Kampemba ulijua. Mimi nami niliamini, Mama. Niliamini kabisa.

Shingo yangu ilianza kuvimba baada ya wewe kwenda. Ugonjwa ule ule wako. Hospitali wakanipa kinini kile kile ulichomeza kila asubuhi, kidonge kidogo cheupe cha tezi ya shingo, nami nikakimeza kama nilivyokuona ukifanya: kidonge, maji, na kipande cha pemba juu yake ili kichefuchefu kisipande. Vipimo vikatoka vibaya, dawa haitoshi, wakaongeza. Nikazidi kuchoka, nikazidi kunenepa, nikawa nasinzia juu ya mashini ya kushona. Wakaongeza tena. Mambo yakatulia kidogo, na mwaka huu nikasema mimi pia ni mtoto wa mama yangu, nitaacha pemba mpaka Pasaka.

Yee, Mama!

Nilikuwa na vitenge vya bamama wa parokia, sare yao ya Pasaka, vimejaa chumba. Nilikuwa nakata blauzi ya Mama Béatrice, yule jirani wa kwaya, mara kitambaa kikaanza kuwaka pembeni. Ulikuwa mshono wa zigizagi, lakini wa mwanga, unajishona wenyewe. Kisha nusu ya meza ikaondoka. Nilisikia mkasi ukiendelea kula. Macho yaliporudi, nilikuwa nimepasua mgongo mzima wa blauzi, katikati ya ua la kitenge. Halafu kikaja kichwa. Mama, kabla sijayatambua maumivu, nilikutambua wewe.

Kilirudi, na kilirudi tena. Nilivaa miwani, haikusaidia kitu. Sasa mshonaji asiyeona uzi ni nini? Atakula nini? Nilianza kumfundisha binti yangu Grâce, mjukuu wako, kukata kitambaa, bila kumwambia kwa nini ninaharakisha. Nililia juu ya vitenge vya watu. Na Papa aliponikuta nimejifunika macho, na yeye alilia, lakini kwa furaha: "Bwana amekuchagua na weye!"

Mimi sina moyo wako. Nilikwenda kwa dokta.

Ni mwanamke kijana, anaongea haraka. Alipima damu, akaitazama karatasi, akanitazama mimi. Dawa imezidi mwilini, imezidi mno, na hakuna aliyeiongeza tangu zamani.

"Mama, umebadilisha nini?"

"Hakuna kitu, dokta. Dawa ni ile ile, saa ni ile ile. Tuko mu Kwaresima, hata pemba nimeacha."

Kalamu yake ikasimama.

"Pemba ulikuwa unakulaka wakati gani?"

"Asubuhi. Juu ya dawa."

Akajishika kichwa kwa mikono miwili, nikadhani na yeye kimemuanza. "Mais Mama! Ile udongo njo ilikuwa inakunywa dawa yako! Siye tunaongeza, yenyewe inakunywa. Sasa umeiacha, dawa yote inaingia mu mwili. Moyo itaacha kukimbia namna gani? Kichwa itaacha kuuma namna gani?"

Unajua sikuyafikiria hata macho yangu? Nilifikiria mapazia yako. Mungu wangu, miaka yote ile! Tulitembea kwa vidole kuzunguka kidonge! Usiogope, siyo hicho kilichokuondoa, ulikwenda na mapafu, hilo tunalijua. Lakini yale mateso, kile kitambaa cha maji, yale matapishi niliyobeba mimi mwenyewe kwenye beseni, yote yalikuwa ya bure. Dokta aliniita mara mbili ndipo nikamsikia.

Niliogopa kumwambia Papa. Niliona ni kama kwenda kuiba kitu cha altareni. Nilimkuta uani, anatoa miiba kwenye samaki wakavu, wale dada yako anaotutumia kutoka Pweto. Nikamweleza yote, kidonge, pemba, damu, yote. Aliendelea na samaki wake. Halafu akasema, polepole:

"Alijuaka."

"Alijua nini, Papa?"

"Mambo ya dawa, apana. Lakini ya pemba alijua. Mwaka moja nilimuhurumia, nikamuletea pemba katikati ya Kwaresima, nikamuambia kula tu, Mungu hatakukasirikia. Akakula. Kichwa ikapunguka. Mwaka ya kufuata nikamuletea tena, akakatala. Akasema: nikikula, kichwa itaenda, na mwaka huu niko na kazi nayo."

"Kazi gani?"

Papa alishika samaki yule yule, hakumtoa mwiba tena.

"Njo mwaka weye ulikuwa umelala ku hospitali, na tumbo ya Grâce, inataka kutoka."

Mama. Mama! Ulijua nusu, na nusu hiyo uliifungia mdomoni. Ulikaa gizani kwa kupenda kwako, moyo unakimbia, nusu ya dunia imepotea, na mume wako amesimama pale na pemba mkononi. Nani alikuomba? Nimekasirika nawe, wacha nikuambie wazi. Ungekuwa hapa ningekugombeza mpaka majirani watoke nje, halafu ningekushika nisikuachie. Tumbo lile mimi nilidhani lilishikwa na madaktari. Grâce amekupita urefu sasa, anacheka kama wewe, na tangu siku ile nikimwangalia siwezi kumaliza sentensi.

Dokta amepunguza dawa. Pemba amenikataza moja kwa moja, siyo Kwaresima tu, hata Noeli. Kwa hiyo mimi sasa nimo Kwaresima mwaka mzima, cheka ukitaka. Kichwa kiliondoka polepole, na ule mwanga sijauona tena. Blauzi za bamama zilifika misani zote. Ile ya Mama Béatrice ina mshono katikati ya mgongo, na wenzake wanamwuliza modeli hiyo aliipata wapi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiniita siku zile za mapazia? "Kuya unitilie uzi mu sindano, macho imekatala." Nilikuwa mdogo, nililamba ncha ya uzi na kujiona mtu mkubwa. Jana niliketi mlangoni penye mwanga na sindano ndogo kuliko zote. Grâce alinyoosha mkono anisaidie, nikamwambia acha. Mwaka huu sina maumivu ya kumtolea mtu, Mama, nina macho tu. Nililamba uzi, nikafunga jicho moja, nikasema, huu ni wa mama yangu.

Uzi uliingia mara ya kwanza.

Pumzika sasa. Mapazia ya chumba chako tumeyafungua.

Mtoto wako wa kwanza,
yule wa kutia uzi